Shujaa wa Mizani Nane

Utaambiwa Alhamisi jioni, chini ya mkorosho. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye maneno. Mgeni rasmi anakuja Jumamosi kufungua kisima. Mtungie utenzi." Usikatae. Wenzako wamebebeshwa mazito zaidi: mmoja anaazima viti, mwingine anahakikisha kisima kinatoa maji walau mpaka gari la mgeni lipotelee kwenye kona. Wewe umepewa maneno tu, na Mitwero yetu hii, jirani na mji wa Lindi, ina kiu ya shujaa.

Lakini shujaa mwenyewe usimkimbilie. Watunzi wa kale walimtanguliza Mungu, wakamswalia Mtume, kisha wakaagiza vifaa: kalamu, wino, karatasi nzuri. Beti zinakwenda na hadithi haijaanza. Mtu mwenye siku mbili haidharau mbinu hii. Siku hizi tunatungia kwenye simu, basi agiza chaja, agiza bando, laumu umeme. Ukiwa na pumzi utafika ubeti wa kumi na mbili hujamtaja mtu. Homeri wa Wagiriki alikuwa bahili hapa. Alimwomba mungu wa kike wa ushairi maneno mawili matatu, akaingia kwenye ugomvi moja kwa moja.

Ubeti wa utenzi una mishororo minne, na kila mshororo mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza hukubaliana vina. Wa nne hubeba kina chake pekee, kinachorudi mpaka mwisho wa utenzi. Hicho cha mwisho kifanye -a. Vitenzi vingi vya Kiswahili hulala hapo, kazi yako ni kuviamsha. Ukijitia ufundi ukachagua -u, tutaonana ubeti wa sitini.

Sasa shujaa. Watu hubishana sana juu ya ushujaa: nguvu, subira, ukarimu. Wanapoteza muda. Shujaa hachaguliwi kwa matendo, huchaguliwa kwa silabi. Hesabu nami kwa vidole. Mkuu wa mkoa: m-ku-u-wa-m-ko-a. Saba. Amepungukiwa na moja, na mshairi hana bajeti ya kumwongezea. Mkuu wa wilaya, saba vilevile. Mgeni rasmi, ukiitamka rasmi kama bibi zetu wanavyoitamka, ra-si-mi, anapata sita; zimebaki mbili, na kwa mizani mbili utamsifu nini zaidi ya kumwita mwema? Mheshimiwa ana tano na Mitwero ina tatu. Wakikutana wanatimiza nane sawasawa, ila kukutana kwao ni kila baada ya miaka mitano.

Jaribu sasa mwenyekiti wa mtaa. Mwe-nye-ki-ti-wa-m-ta-a. Nane! Mshororo mzima, bila jasho, na kina cha -a juu yake. Huyu kazaliwa kwa ajili ya tendi na hajui.

Usidhani natania. Mwaka 1928 Mmarekani mmoja, Milman Parry, alionyesha kwamba sifa ambazo Homeri anawabandika mashujaa wake hufuata nafasi iliyobaki kwenye mstari. Ndiyo maana Achilles husifiwa wepesi wa miguu hata akiwa amekaa.

Shujaa apewe pia mahali pa kufia. Achilles ana kisigino (kisigino chenyewe hakimo kwenye Iliad ya Homeri, kimeletwa na wengine baadaye). Fumo Liyongo, kama alivyotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ana kitovu. Silaha zote zilimshindwa, gereza lilimshindwa. Mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate, akakata minyororo akaondoka. Kilichomuua ni sindano ya shaba, na aliyeichoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa ameahidiwa mke. Liyongo akaenda akapiga goti kisimani, mshale upindeni, akafa vilevile alivyo. Watu wa mji wakamwona, wakaogopa. Hakuna aliyethubutu kuteka maji mpaka alipoletwa mama yake, na hata yeye hakujua kwamba anambembeleza maiti.

Sehemu hiyo usiisome Jumamosi. Shujaa mkubwa kuliko wote wa pwani hii, na bado watu walikaa na kiu kwa ajili yake: mgeni anayekuja kukata utepe wa kisima anaweza kuielewa vibaya. Au vizuri.

Utauliza: na kama mgeni hajafanya lolote la kutungia? Hapo ndipo chuku ilipowekewa. Msafara wa Mtume kwenda Tabuk mwaka 630 ulirudi bila jeshi la Warumi kuonekana. Mwaka 1728 Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate akautungia Utendi wa Tambuka, beti zaidi ya 1,100, zenye vita, farasi, panga na mfalme wao Herekali mwenyewe. Kama vita ambayo haikupiganwa ilipata beti hizo zote, kisima ambacho kipo, na pampu ipo, hakikosi arobaini.

Wageni nao walishatutia kwenye tendi zao, tena bila kutuomba karatasi. Luís de Camões wa Ureno alichapisha Os Lusíadas mwaka 1572, akamfanya Vasco da Gama shujaa. Humo nahodha wa huku anataka kuzipeleka merikebu Kilwa zikaangamie, na mungu wa kike Venus anawaonea huruma Wareno, anageuza upepo, zinapitiliza. Mvuvi yeyote wa Mitwero angemweleza Camões kwamba mkondo wa bahari hii huvuta kuelekea kaskazini, Venus akiwepo asiwepo. Da Gama alifika Kilwa 1502 akadai dhahabu, na 1505 kikosi cha Almeida kikauteka mji na kuupora. Kwa hiyo somo la mbinu ni hili: katika utenzi, anayekwenda kupora ndiye anayehurumiwa, mradi mtunzi ni wa kwao.

Mwaka 1667 akaja John Milton wa London na Paradise Lost. Alikuwa kipofu, anatamka wengine wanaandika. Malaika anampandisha Adamu juu ya kilima amwonyeshe falme za dunia, na katika orodha ndefu ya majina Kilwa imo, pamoja na Mombasa na Malindi. Orodha ni mbinu ya zamani. Hujaza mistari na hakuna anayeikagua. Lindi haimo. Mitwero haimo. Nadhani minazi ilimziba Adamu.

Basi orodhesha wewe. Taja Kikwetu, Mchinga, Mingoyo, Ng'apa, uone watu watakavyopiga makofi kila mtu akisikia kwao. Huo ndio ukubwa wa utenzi. Sifa za mgeni zinapita hewani kama moshi, lakini mtu aliyetajiwa kijiji chake atakusimulia mpaka mwakani. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa hapa hapa Lindi, alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Hakuhitaji mgeni rasmi wala Herekali. Vita vilikuwa vyake, vimepita mlangoni, na watu wake walikuwa na majina. Ulipochapishwa tena mwaka 1957, waliopiga vigelegele na waliolia katika vita hivyo wengi walishazikwa, nao bado wamo.

Mwishoni taja jina lako, idadi ya beti na tarehe ya Hijria, uombe radhi kwa makosa. Nauli ya bodaboda ya kurudi mjini iweke mfukoni mapema, maana posho imeandikwa kwa jina la mwenye spika.

Wangu niliusomea kwingine, mahali sipataji. Ulikuwa na beti 104. Mgeni rasmi aliondoka ubeti wa 31, na kisima kilitoa maji mpaka Jumanne.