YAH: SHUKRANI KWA KUTURUDISHIA MATUNDU YETU

Kwa Wakuu wa Apple,
Cupertino, California, Marekani.

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Natumaini barua hii itawakuta salama, ninyi na bei zenu. Nawaandikia kuwashukuru kwa mema mliyotutendea watumiaji wa MacBook Pro kati ya mwaka 2016 na 2021, mema ambayo watu wasio na shukrani wanaendelea kuyaita ulanguzi.

Oktoba 2016 mlizindua kompyuta mpya mkiwa mmeondoa tundu la USB la kawaida, lile ambalo kila flashi ya mjini inaingia. Mkaondoa la HDMI, mkaondoa la memori kadi. Badala yake mkatoboa matundu ya USB-C, na juu ya kibodi mkapachika utepe unaowaka, ambao mtu anayechapa bila kutazama vidole hana habari nao. Kupunguza vitu ni kazi nzito, naelewa, ndiyo maana bei ikapanda: kompyuta ya inchi 15 iliyokuwa ikianzia dola 1,999 ikaanzia 2,399. Sitazigeuza ziwe shilingi. Baadhi ya wasomaji wana presha. Huku kwetu muuza suruali akizitoa mifuko, hushusha bei. Kumbe amekuwa akijipunja.

Chaja ya sumaku nayo ilikwenda na maji. Ile, tangu 2006, mtoto akipita mbio sebuleni na kujikwaa kwenye waya, ilijichomoa yenyewe na kompyuta ikabaki mezani. Kuanzia 2016 mtoto alipopita mbio, kompyuta ilimfuata.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mapenzi yenu kwa wateja waliowaamini kabisa. Mwezi mmoja kabla ya kompyuta hiyo mlikuwa mmetoa iPhone 7 isiyo na tundu la duara la spika za masikioni, na Bwana Phil Schiller, mkuu wa masoko wakati huo, akatueleza kwamba sababu ni ujasiri. Sasa mchukueni mteja aliyenunua simu hiyo na kompyuta hiyo siku moja, duka moja. Anafika nyumbani, anafungua maboksi, anachukua waya wa simu: kichwa chake ni USB ya zamani, hakiingii popote kwenye kompyuta. Anachukua spika za masikioni zilizokuja na simu: nazo haziingii, kwa kuwa kompyuta imebaki na lile tundu la duara ambalo simu ilikuwa na ujasiri wa kuliacha. Mali zote mbili ni zenu, zimetoka mwaka mmoja, na hazisalimiani.

Kuhusu memori kadi, mlieleza kwamba tundu lake lilikuwa la usumbufu, kadi inachomoza nusu. Ni kweli ilichomoza. Dawa mliyotupa ikawa adapta, ili mpiga picha za harusi asione tena kadi ikichomoza nusu bali aione yote ikining'inia kwenye mkia. Na wahadhiri wetu je? Ukumbi umejaa, projekta inasubiri, yeye anapekua mkoba, kisha anaitamka ile sala mpya ya vyuo vikuu: “Samahani, kuna mwenye adapta?”

Kelele zilipozidi mlisikia. Novemba 2016 mkashusha bei ya adapta ya USB kutoka dola 19 hadi 9, kwa muda maalumu. Ukarimu wa kumkata mtu kidole kisha kumpunguzia bei ya plasta hauonekani kila siku.

Sikatai, USB-C ni tundu zuri, na leo simu nyingi zinalitumia. Ila hakuna aliyewaomba mlilete kwa kufukuza mengine.

Kisha ikafika Oktoba 2021. Mkajitokeza tena, na hakika mlipendeza, mkatutangazia maajabu: kompyuta yenye tundu la HDMI! Yenye tundu la memori kadi! Yenye chaja ya sumaku! Utepe unaowaka ukafutwa kwenye kompyuta hiyo. Ya inchi 14 ikaanzia dola 1,999. Tulipiga makofi kama watu waliorudishiwa ng'ombe wao na kutozwa gharama za malisho. Mwezi huohuo mkaanza kutuuzia kitambaa cha kufutia kioo kwa dola 19, bei ileile ya adapta kabla ya huruma. Nimeyasoma sana maelezo yake. Hakina tundu hata moja.

Ombi langu ni dogo. Tundu la USB la kawaida bado halijarudi kwenye MacBook Pro. Siku mkiamua kulivumbua, tunaomba taarifa mapema, kwa kuwa kikoba chetu hugawana akiba mwishoni mwa mwaka.

Wenu katika ujenzi wa taifa lenu,

Mteja Mtiifu

Nakala: Mweka Hazina wa Kikoba