Uanagenzi Wangu katika Karakana ya Bahati

Katika kazi zote ambazo kijana wa pwani, aliyelelewa kwa adabu na kuhitimishwa chuoni kwa dua na ubani, aweza kuzitaja mbele ya wazee wake bila ya kutazamwa kwa jicho la huruma, kazi ya kutengeneza michezo ya kasino haimo; na hiyo ndiyo niliyoipata. Skuli yetu ya kompyuta hapa Dar es Salaam humtaka kila mwanafunzi aende mafunzo kwa vitendo kabla ya kumaliza masomo, nami nilipeleka maombi kwa mabenki, bandarini, kwa mashirika ya simu na ya maji, nikiyapamba kwa taadhima zote zijulikanazo katika sanaa ya kuandika barua, na wote wakanijibu kwa kimya cha namna moja. Kampuni moja tu, iliyokaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa katika matengenezo kabla ya kufika kwangu na hata baada ya kuondoka kwangu, ilinijibu siku ile ile kwamba nije, tena nije na kompyuta yangu. Barua ilitaja kuwa shughuli yao ni burudani za kidijiti. Nilidhani ni katuni.

Hazikuwa katuni. Yalikuwa magurudumu ya ruleti, karata, na mashine za picha zizungukazo, zile ambazo ndugu zao wa chuma husimama madukani mitaani na kuitwa dubwi. Mbele ya dola hapakuwa na aibu yoyote, kwa kuwa nchi ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake ya kutoa leseni. Lakini Ami yangu wa Tanga, karani mstaafu wa reli, ambaye hata karata za kuchezea watoto hakuziruhusu zilale ndani ya nyumba yake, hakuwa Bodi.

"Shikamoo, Ami," nilimwambia kwa simu.

"Marahaba, baba. Huko wanakufundisha nini?"

"Hesabu, Ami."

"Hesabu za nini?"

"Za mambo yasiyojulikana kabla hayajatokea."

Alinyamaza kitambo. "Hayo ni ya ghaibu, baba, na ya ghaibu anayo Mola peke yake. Lakini maadamu skuli imekutuma, jifunze kwa adabu."

Kazi ya kwanza apewayo mwanagenzi si kuandika programu bali kuijaribu, na kuijaribu programu ya kamari maana yake ni kucheza kamari tangu asubuhi hata jioni, kwa fedha za bandia ambazo mashine hukupa bila ya kuuliza utazilipa lini. Nilikuwa na mamilioni ya shilingi zisizoweza kununua kitumbua. Fauka ya hayo, daftari la mafunzo tulilopewa na skuli lilitaka kila siku iandikwe kazi iliyofanyika na faida iliyopatikana, ikawa mimi, mtoto wa watu, naandika kwa hati nzuri kwamba leo nimecheza kamari mpaka saa kumi na moja, na katika safu ya faida naandika kwamba nimeliwa.

Jioni moja, nimesimama katika daladala ya Mbagala kwa mguu mmoja, wa pili ukiwa umekosa mahali pa kukanyaga, mwenzangu wa kazini alinipigia simu kutaka matokeo ya majaribio, nami, kwa ajili ya makelele ya injini, nikamjibu kwa sauti: "Asubuhi imenipa milioni mia mbili, lakini mchana nimezirudisha zote." Gari zima lilinyamaza. Konda akaja mbio kuliko desturi yake, akanyoosha mkono: "Kaka wa milioni mia mbili, nauli." Nikatoa sarafu zangu, zikapungua shilingi mia. Akaziinua juu zionwe na hadhira, akatangaza: "Abiria wangu, matajiri ndivyo walivyo!" Mama mmoja aliyepakata kapu la dagaa alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Mwanangu," alisema, "hata moja usiizuie ukamnunulia mamako khanga?" Nilipoteremka, bwana mmoja ambaye dakika chache kabla alimwambia konda kuwa aenda mwisho wa safari, aliteremka nami, akanifuata hatua mbili nyuma, na penye giza akaniuliza kwa heshima kubwa mashine hiyo ipo duka gani.

Hatimaye nilipandishwa daraja nikafundishwa jinsi bahati inavyotengenezwa, na hapo nikaingia katika elimu yenye shani. Kompyuta ni kiumbe kitiifu mno, na utiifu huo ndio ila yake katika kazi hii, kwa sababu haijui kubahatisha. Hupewa namba moja iitwayo mbegu, ikaizidisha, ikaikata, ikaigeuza, ikatoa namba ya pili, na kutoka katika ya pili ikatoa ya tatu, na kadhalika, zote zikionekana kuwa za ovyo ilhali kila moja imezaliwa kihalali na iliyotangulia. Kanuni mashuhuri iliyotangazwa na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, mwaka 1998, hutoa msururu mrefu usioweza kumalizwa na umri wa dunia. Walakini mtu akiisha kuzitazama namba 624 zilizotoka mfululizo, aweza kuzipiga hesabu zote zitakazofuata, na kwa hiyo haifai kuaminiwa mahali penye fedha, bali hutakiwa kanuni za namna ile itumikayo katika kuficha siri. Mkufunzi wetu, kijana wa Mwanza mwenye sauti ya upole, aliitaja hiyo 624 kwa uzito mkubwa, na wakati huo alikuwapo mama lishe aliyetuletea chai, ambaye hakusema neno, ila aliiandika kiganjani mwake kwa kalamu ya kukopa. Kesho yake chai haikuja. Nilipoteremka ngazi zote zile kwenda kuuliza, nikaambiwa kwamba namba yetu imemtia hasara katika bahati nasibu ya simu, na kwamba tangu leo ghorofa ya juu italipa kabla ya kunywa.

Juu ya karata nilijifunza kwamba kuzichanganya, jambo lifanywalo na watoto barazani huku wakizungumza mengine, limewatahayarisha watu wazima wenye shahada. Karata 52 zaweza kupangika kwa namna nyingi hata idadi yake huandikwa kwa tarakimu 68; lakini programu moja ya karata za intaneti ilikuwa ikichukua mbegu yake katika saa ya kompyuta, kwa kuhesabu milisekunde tangu saa sita ya usiku, na siku nzima haina milisekunde zaidi ya 86,400,000, kwa hiyo mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba mwenye kuilinganisha saa yake na saa ya seva aweza kuzijua karata zilizofunikwa za wenziwe wote. Kuna na hila nyingine iliyo ndogo zaidi. Ukiwa na karata tatu, na kila nafasi ukaibadilisha na nafasi yoyote katika tatu, njia zitakuwa 27, na mipango iwezekanayo ni 6, na 27 haigawanyiki kwa 6. Basi lazima mipango mingine ipendelewe na mingine idhulumiwe. Dawa yake ni kanuni iliyoandikwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938, ambayo karata ikiisha kuchaguliwa haiguswi tena, na njia zikawa tatu mara mbili mara moja, yaani 6 kamili.

Ili tuyaone hayo kwa macho, mkufunzi alitukalisha sote sakafuni, akapanga mbele yetu ree ya kopa, ree ya uru na ree ya pau, akaanza kuzihamisha huku sisi tukihesabu kwa sauti. Wakati huo huo mlango ulifunguliwa na jirani yetu wa ghorofa, wakala wa safari za Hija, bwana mpole mwenye kanzu nyeupe, aliyekuja kuazima mashine ya kubania karatasi. Alizitazama karata, akatutazama sisi, akasema, "Samahani, nitarudi." Hakurudi, na tangu siku ile, kila tulipokutana ngazini, alinipisha kwa ukarimu uliopita kiasi.

Afisa wa masoko naye alikuwa na malalamiko yake. Gurudumu letu la ruleti lilipoonyeshwa kwake kwa mara ya kwanza, mpira uliangukia rangi nyeusi mara saba mfululizo, akaghadhibika, akasema kwamba lina ubovu. Mkufunzi akamweleza kwamba nasibu ya kweli hujirudia, na kwamba katika kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, nyeusi ilitoka mara 26 kwa mfululizo, na waungwana waliokuwapo wakapoteza mali nyingi kwa kuishikilia nyekundu, wakidhani kuwa gurudumu lina kumbukumbu na haya. Afisa alisikiliza kwa makini, kisha akatoa amri ambayo hata leo haijatekelezwa na mtu yeyote: gurudumu liendelee kuwa la nasibu, lakini lisijirudie.

Halafu alikuja mhadhiri wa skuli kunikagua. Alizipanda ngazi zote kwa miguu yake, akanywa maji, akanywa tena, ndipo akaomba aone kazi ya mwanafunzi. Nikamkalisha mbele ya mashine ya picha niliyoshiriki kuiandika, nikampa milioni moja ya bandia, nikaanza kumweleza muundo wake. Lakini nilipofika katika aya ya pili ya maelezo yangu nilifahamu kwamba nazungumza peke yangu. Alikuwa amekwisha kuinama, kidole juu ya kitufe, na jasho la ngazi limechanganyika na jasho la matumaini.

"Hizi si za kweli?" aliuliza bila ya kuniangalia.

"La, mwalimu. Ni za majaribio."

"Zimekwisha. Ongeza."

Nikaongeza. Zikaisha. Nikaongeza tena, maana kumnyima msahihishaji wa mtihani wako mali isiyokuwapo ni ubahili usio na maana. Muda wa ukaguzi ulipopita alisimama kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa, akachukua fomu yangu, na mahali palipotaka maoni ya kitaaluma akaandika: "Mashine haitoi. Mwanafunzi airekebishe."

Haikuhitaji marekebisho. Mashine ile ilipangwa irudishe shilingi 96 katika kila 100 kwa wastani wa mizunguko mamilioni, na hesabu hiyo husikika kuwa ya huruma mpaka uifuate hatua kwa hatua. Mwenye shilingi 100,000 akizizungusha zote mara moja, kwa wastani hubaki na 96,000. Akizizungusha hizo, 92,160. Na afikapo mzunguko wa 17 hana hata nusu ya alizoingia nazo, wala hakuna aliyemuibia. Ndiyo maana mtu huweza kukaa mbele ya mashine hiyo muda mrefu, akishinda kidogo kidogo na kufurahi mara nyingi, na bado akarudi nyumbani kwa miguu.

Nilipokwenda Tanga kwa sikukuu, habari zangu zilikuwa zimenitangulia kwa kinywa cha binamu. Barazani walinipokea kwa mawaidha. Mzee mmoja alitumia wakati wote kati ya magharibi na isha kueleza ubaya wa kamari kwa hoja madhubuti zisizo na jibu, nami nikainamisha kichwa kwa kuwa alisema kweli, lakini tulipotoka msikitini alinishika mkono faraghani, akanong'ona: "Hebu niambie, mjukuu wangu, huwa inalegea saa ngapi?"

"Haina saa, babu. Kila mzunguko ni mgeni kwa uliotangulia."

"Najua," alisema, akinipigapiga begani. "Wamekuapisha."

Na hiyo ndiyo dhana iliyonizunguka likizo nzima. Kinyozi alininyoa bure akingojea namba. Binamu alinipa ahadi ya nusu kwa nusu. Jirani aliniletea sahani ya halua, akakaa kimya akinitazama nikila. Nikaila yote, nikashukuru, akaondoka akiamini kwamba kesho nitaona haya na kusema.

Ami peke yake hakuomba namba. Aliniita ukumbini usiku, akafungua daftari lake la zamani la reli, akanipa kalamu. "Nionyeshe," alisema, "hesabu zako za ghaibu." Nikamchorea gurudumu la Ulaya lenye namba 37, tangu sufuri hata 36. Nikamwambia: weka shilingi 1,000 juu ya kila namba, umeweka 37,000, namba moja itashinda, nayo hulipwa mara 35 pamoja na elfu yako, yaani 36,000, elfu moja imebaki kwa mwenye nyumba. Ukiweka juu ya namba moja au ukiweka juu ya zote, ukivaa hirizi au ukivua, kwa wastani sehemu yake ni ile ile, asilimia 2.70, na gurudumu la Marekani, lenye sufuri mbili, huchukua 5.26.

Ami aliikagua hesabu kwa ncha ya kidole, kwa namna aliyokuwa akikagua tikiti za mizigo.

"Na mwenye nyumba mwenyewe hucheza?"

"Hachezi, Ami. Hata sisi wafanyakazi tumekatazwa."

"Basi kwake yeye hiyo si kamari," alisema, akilifunga daftari. "Hiyo ni kodi, na wapangaji wenyewe hawajui kwamba wamepanga."

Katika yote niliyosomeshwa juu ya mbegu, karata na magurudumu, sikusikia hukumu fupi kuliko hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mchezo huu daftari liko upande mmoja tu wa meza. Basi, msomaji wangu, ukikutana na kijana ajifunzaye kazi hii, muulize hali yake, mkaribishe chakula, hata nauli ukiwa nayo mpe, maana aghalabu humpungukia. Ila namba usimuulize. Si kwamba ameapishwa. Hana.