Namna ya Kuidaka Dunia Ukiwa Chini ya Bati

Kabla hujagusa redio yako ya masafa mafupi, tazama juu. Kama paa lako ni la makuti, mshukuru aliyekuezekea: mawimbi yanapenya makuti kama upepo wa kusi. Bati ni chuma, nalo huyarudisha yalikotoka. Usiling'oe, mvua za Lindi hazina utani. Ishushe redio kutoka juu ya kabati, iketishe dirishani. Hata dirisha la nondo hupitisha zaidi ya bati.

Sasa waya. Usitume mtu Dar kununua antena. Hapa Mingoyo, kwa fundi yeyote wa umeme, haikosekani feni iliyoungua, na ndani ya mota yake kuna shaba nyembamba inayoweza kuizunguka nyumba. Chukua mita sita tu. Kwa nini sita? Zanzibar imesikika miaka mingi kwenye kilohezi 11735, yaani mita 25, na robo ya mita 25 ni sita na kitu. Upitishe waya juu ya dirisha, ufuate ukuta hadi juu ya mlango.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Shaba ya mota imepakwa vanishi. Ikwangue ncha kwa wembe mpaka ing'ae, kiasi cha urefu wa kidole, uizungushe kwenye antena ya redio, kisha uibane kwa kibanio cha nguo. Nimeona mtu mzima akiilaani Deutsche Welle ya Ujerumani usiku kucha, kumbe vanishi.

Wala usiongeze waya ukidhani ukizidi ndiyo vizuri. Redio ndogo ikilishwa kupita kiasi huvimbiwa: stesheni moja yenye nguvu inamwagika kila unapozungusha.

Ukisikia mkoromo, usiilaumu bahari. Mtuhumiwa yumo ndani: chaja ya simu, taa nyeupe ya bei rahisi, king'amuzi cha televisheni. Chomoa kimoja kimoja huku ukisikiliza. Kelele ikikata ghafla, umemkamata. Tumia betri, na waya wako usilale sambamba na nyaya za ukutani.

Halafu kuna zawadi ambayo watu huipokea kwa kununa.

"Babu, umeme umekatika!"

"Nimeona, mjukuu wangu. Niletee redio."

Mtaa mzima ukiwa giza, zile kelele zote zinazima kwa pamoja, na sauti iliyokuwa imezama inaibuka mpaka unamsikia mtangazaji akivuta pumzi. Huo ndio usiku wa kusikiliza. Mchana anza na mita 19 na 25. Jua likizama teremka 31, 41, hadi 49, kwa maana anga la juu linaloyarudisha mawimbi chini hubadilika na giza. Ukikosa leo saa mbili, jaribu saa tatu. Zungusha taratibu, kwa ncha ya kidole, kama unapapasa kisima kutafuta ndoo.

Mtu ataniuliza: simu ipo, ya nini yote haya? Simu inataka bando na mnara. Waya wa feni hautaki kibali cha mtu. BBC ilianza kuzungumza nasi kwa Kiswahili mwaka 1957, Deutsche Welle mwaka 1963, na sauti zao ziliingia vijiji ambavyo gazeti halikufika. Na hapo Nachingwea, walikofunzwa wapiganaji wa FRELIMO waliodai uhuru wa Msumbiji, ni mkoa wetu huu huu. Redio yao ilirusha matangazo kutoka Dar es Salaam, na ng'ambo ya mto Ruvuma watu waliisikiliza kwa siri, sauti imeshushwa, sikio limegandishwa kwenye spika. Mimi siwezi kuiita takataka redio ya namna hiyo, na nakuomba usiitupe ya babu yako.

Jambo la mwisho halina mzaha. Radi ikianza kunguruma upande wa Rondo, fungua kibanio, kunja waya, uweke mbali na redio. Mvua ikipita, bana tena, uanzie mita 49.