Yah: Maombi ya Mbegu Bora za Zao la Watumwa

Mkulima,
Nyamigogo, Wilaya ya Biharamulo,
Kagera.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Paradox Interactive,
Stockholm, Uswidi.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mpwa wangu amekuja likizo na kompyuta mpakato yenye mchezo wenu, Europa Universalis IV, ule mlioutoa 2013. Nilimwomba anionyeshe kwetu. Akaisogeza ramani hadi magharibi ya Ziwa Viktoria, nikaiona Karagwe, nikaiona Buganda, Rwanda na Burundi, kila moja na mipaka yake na rangi yake. Nilifurahi sana, maana ramani nyingi za wageni huku kwetu huacha weupe mtupu. Kisha akanieleza kwamba katika mchezo huo kila jimbo lina zao lake moja: hapa pembe za ndovu, pale chumvi, kule pamba. Na yako majimbo kadhaa ya Afrika ambayo zao lake ni watumwa.

Mimi ni mkulima wa mihogo, maharage na pamba kidogo. Ardhi inayotoa watu sijapata kuiona, na bwana shamba wetu naye nilipomuuliza aliniangalia kwa huruma. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi wenye utaalamu.

Naomba kujua kama zao hili hupandwa vuli au masika, na kama linataka mbolea ya kupandia au ya kukuzia tu. Mchezo unaanza Novemba 1444 na kuishia 1821. Kwa miaka hiyo 377 jimbo la watumwa linavunwa mfululizo bila kupumzishwa, na mavuno hayapungui kwa sababu ya kuvunwa. Hakuna kijiji kinachobaki mahame. Hakuna shamba linaloingia pori kwa kukosa mwenye jembe, wala mwaka ambao wavunaji wamefika wakakuta watu wamekwisha. Pamba yangu ingekuwa na tabia hiyo, chama chetu cha msingi leo kingekuwa na benki yake. Na vipimo je? Huku tunagombana na wanunuzi kila msimu kwa ajili ya lumbesa. Gunia la watumwa ninyi mnalishonea wapi?

Kwa kuwa majibu yanaweza kuchelewa, nimejitafutia mwenyewe habari za pembejeo. Nimempata Swema, binti wa Kiyao, ambaye mapadri wa Zanzibar waliandika habari zake katika miaka ya 1860. Mama yake alikopa mtama kwa jirani, akashindwa kulipa. Deni likakua, na mtoto akachukuliwa kuwa malipo. Mama hakukubali kuachana naye, akaufuata msafara huku amebebeshwa mzigo, nguvu zikamwishia njiani, akaachwa huko afe. Swema alifika Zanzibar akiwa hoi kiasi kwamba alidhaniwa maiti, akafukiwa, na mpita njia akasikia sauti ikitoka mchangani. Aliokolewa, akaishi misheni.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, pembejeo ninazijua: njaa, deni la mtama, bunduki na nguo za kubadilishana. Nilipomuuliza mpwa wangu ni wapi kwenye mchezo mtu anabonyeza ili aone deni la mtama, akasema hapana. Ukibonyeza jimbo unaonyeshwa bei.

Kuna na suala la njia. Mmeweka kituo cha biashara mlichokiita Maziwa Makuu ya Afrika, mali yake inateremkia Zanzibar, na kutoka hapo inakwenda mbele tu, kituo kwa kituo, mpaka mwisho wa mifereji yote ambao ni Venice, Genoa au Mlango wa Uingereza. Hairudi nyuma hata siku moja. Ningependa kukutana na yule aliyewachorea mteremko huo. Katika karne ya 19 mateka wengi wa njia zetu hawakufika Ulaya. Walikomea kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakavushwa hadi mitende ya Oman na lulu za Ghuba. Najua mtanijibu kwamba mchezo unafungwa 1821, kabla mikarafuu haijashamiri. Sawa. Basi nielezeni kwa nini 1444 kituo kinaitwa Zanzibar, wakati dhahabu ya Sofala ilikuwa mikononi mwa Kilwa.

Watumwa wenu pia wana nidhamu ya ajabu. Hawali, hawaugui, hawazai, hawatoroki. Wale wa mashamba ya Unguja kwa desturi walimfanyia bwana siku tano, Alhamisi na Ijumaa wakalima vibustani vyao vya mihogo, maana bwana hakutaka gharama ya kuwalisha. Na wale wa mashamba ya miwa ya Pangani, mwaka 1873, walitoroka kwa wingi wakajenga mji wao Kikogwe, na majeshi ya Sultani yakashindwa kuwang'oa. Zao linalokimbia shambani na kujijengea boma linahitaji angalau sentensi moja katika maelekezo ya mtumiaji.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kitufe cha kufuta utumwa. Mpwa wangu alikibonyeza, na papo hapo majimbo yale yakaanza kutoa bidhaa nyingine. Jana watu, leo mali ghafi. Watu wenyewe wamekwenda wapi? Zanzibar soko lilifungwa 1873, amri ya kuwapa watumwa haki ya kuomba uhuru ikaja 1897, na ilibidi mtu aende mwenyewe mahakamani kuuomba, huku bwana akilipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa mpaka 1909. Bara, Mjerumani aliyejenga boma pale Biharamulo aliondoka bila kuufuta, na sheria ikaja 1922 chini ya Mwingereza. Kitufe chetu, kama mnavyoona, kilikuwa kizito.

Msidhani nawaonea ninyi peke yenu. Katika mchezo wa Civilization IV ukishajua kufua shaba unaruhusiwa kuua wananchi wako kidogo ili ujenzi wa ghala uishe haraka. Wadenmaki walitoa mchezo wa kufundishia watoto historia ambamo miili ya Waafrika ilipangwa melini kama vipande vya Tetris, na kelele zilipozidi 2015 wakaiondoa sehemu hiyo. Wajerumani ndio werevu zaidi: katika mchezo wao Anno 1800 wa 2019 kuna mashamba ya miwa na pamba ng'ambo, karne ya 19, na hakuna mtumwa hata mmoja. Wafanyakazi wanaomba ndizi za kukaanga, ramu na poncho. Huko nitatuma barua ya kuomba kazi.

Mwisho, suala la malipo. Mwaka 1861 Mwingereza aitwaye Speke alipita Usui, nchi ya Mukama Suwarora, ambayo ndiyo pande zetu hizi. Alicheleweshwa njiani akilalamika, kwa sababu kila chifu mdogo alidai kwanza hongo yake, yaani ushuru wa kupita, na hongo ya mfalme ikawa bado. Ninyi mnauza mchezo, kisha mnauza nyongeza yake, kisha nyongeza nyingine, kila moja kwa bei yake. Utaratibu huo tunaufahamu vizuri.

Kwa kuwa mmepita katika ardhi yetu bila kubisha hodi, tunadai hongo ya kituo cha Maziwa Makuu, hongo ya Karagwe kwa niaba ya majirani, na hongo ya kila msimu mliovuna. Nguo na nyaya za shaba siku hizi hatupokei. Tumeni kwa simu, na ya kutolea muongeze.

Wenu katika uzalishaji,
Mkulima wa Nyamigogo.

Nakala: Mukama Suwarora, aione kwa taarifa.