Namna ya Kuuliza Umri wa Rwenzori Usidanganywe na Mchanga

Kwanza, ondoka Kikorongo. Mahali ni pazuri na ikweta inapita papo hapo, lakini unakanyaga majivu ya volkano za juzijuzi, zile zilizotoboa kreta mpaka Katwe. Ukichota mchanga hapo utajibiwa umri wa mlipuko, nawe umekuja kuuliza habari za mlima. Rwenzori si volkano. Ni pande la miamba mikongwe lililosukumwa juu Bonde la Ufa lilipopasuka, hadi kilele cha Margherita kikafika mita 5,109.

Wala usichote mto Nyamwamba chini ya Kilembe. Mgodi wa shaba uliacha mabaki kando ya mto, na mto hubeba kazi ya wachimbaji pamoja na yake mwenyewe. Teremka Bwera, kwenye mto Lhubiriha.

Beba karai. Vijana wa Mpondwe, jirani hapo, watakuuliza kama ni dhahabu. Waambie ni madini ya zirkoni na apatiti, punje ndogo kuliko chumvi. Osha mchanga mpaka ubaki ule mzito, toa chuma kwa sumaku, kisha peleka maabara.

Zirkoni huhesabu tangu kuzaliwa kwake: urani iliyomo hugeuka risasi, na nusu yake huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka. Miamba ya hapa itakutajia miaka bilioni mbili na ushei. Usikimbilie kuandika kwamba huo ndio umri wa mlima! Jiwe ni mzee, mlima ni kijana.

Sasa muulize apatiti. Atomi za urani zikipasuka huacha mikwaruzo ndani ya punje. Mwamba ukiwa na joto la nyuzi 120 hivi, mikwaruzo hufutika; ukipoa, hubaki. Hivyo apatiti hukumbuka lini mwamba ulikaribia uso wa dunia. Za Rwenzori nyingi zinakumbuka makumi ya mamilioni ya miaka, hata zaidi ya milioni 100, kabla ya Bonde la Ufa. Hapo ndipo penye utamu wote. Kama mvua na barafu zingekuwa zimeunyoa mlima kilomita nyingi, tungekuta apatiti changa. Kwa kuwa ni kongwe, basi mlima uliinuka upesi kuliko ulivyochongwa.

Ukitaka kutangaza asili ya mchanga, usiridhike na punje kumi za zirkoni. Pima 117: ndipo utasema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba hukukosa ukoo wowote wa miamba uliochangia angalau asilimia 5.