Slipu za Baba kwenye Beseni la Karanga

Slipu zote za mshahara wa Baba, tangu alipoanza kufundisha, zilikaa kwenye sanduku la bati uvunguni mwa kitanda cha Bibi. Siku tulipozihitaji tulikuta zimebaki nusu. Bibi alikuwa akifungia karanga.

Hakuna aliyemgombeza. Magazeti ya zamani yamekuwa adimu, yeye hakwenda shule, na wateja wake wa stendi ya Msamvu wanapenda karatasi safi. Ila zile slipu ndizo zilizokuwa ushahidi wa Baba. Alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya Bodi ya Mikopo kuundwa kwa sheria ya 2004, na deni likahamia huko. Kazini alikatwa asilimia 8 kila mwezi. Kisha presha ya macho ikamnyima nuru, ajira ikaisha, makato yakakoma. Deni likaendelea kunenepa kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ya kulinda thamani ya fedha. Mei Mosi ya 2021, Rais Samia alipotangaza kule Mwanza kwamba tozo hiyo inafutwa, Baba alipiga makofi mbele ya redio.

“Mwanangu,” akaniambia, “sasa nitafutie salio langu.”

Salio lilikuja na pengo. Miaka aliyofundisha shule moja ya binafsi haikuonyesha hata senti iliyofika, na mshahara wake ulikatwa!

Mama alimfuata Bibi stendi, akanunua beseni zima. Usiku tukafungua pakiti moja moja mezani, karanga zikimwagwa kwenye sinia. Bibi alikuwa amefungia pia mitihani ya zamani ya wanafunzi, kwa hiyo kazi ya kuchambua akaichukua Baba. Alipitisha kidole gumba ukingoni mwa kila karatasi: penye vitundu mfululizo vya mashine ya kuchapia ni slipu, pasipo na vitundu ni mtihani. Hakukosea hata moja.

“Hii ina mafuta, Mama. Ipanguse taratibu, tarakimu zisifutike.”

Mimi nikisoma mwezi, yeye anataja makato kabla sijayafikia.

Hapo ndipo uchungu ulinipanda. Mtu mwenye kumbukumbu kama hii analazimika kunipa nywila ya akaunti yake ya mkopo, asikie deni lake kutoka kinywani mwangu, kwa kuwa taarifa aliyoletewa ni ya kusomwa kwa macho tu. Deni ni siri ya mtu. La kwake tunalijua nyumba nzima, hadi mpangaji.

Barua kwa Bodi aliitunga mwenyewe, mimi nikaandika. Aliambatanisha nakala za slipu tulizookoa, akaomba mwajiri yule aulizwe fedha zilikwenda wapi. Mwishoni akataka majibu apigiwe simu yeye, si binti yake, na namba aliyonitajia niiweke ni ya kwake.