Kesi ya Ji-pyeong Yafika Tukuyu

Tangu ukoo wa mume wangu ugawane shamba la migomba la marehemu babu, haujawahi kugombana kama ulivyogombana kwa ajili ya Han Ji-pyeong. Huyo si Mnyakyusa, wala hajawahi kukanyaga Rungwe. Ni mtu wa kwenye tamthilia ya Kikorea, kachezwa na Kim Seon-ho. Ana vishimo mashavuni na suti zisizokunjamana, na mama mkwe wangu anamdaia haki yake hadi leo.

Tamthilia yenyewe inaitwa Start-Up. Ilirushwa Korea na kituo cha tvN kuanzia Oktoba hadi Desemba 2020, sehemu 16. Netflix ikaitawanya duniani, na kutoka huko ikateremka kwa njia inazozijua yenyewe hadi kwenye kibanda kimoja hapa Tukuyu, ambako kijana anakujazia flashi kwa bei ya soda. Inahusu vijana wanaohangaika kutafuta mtaji wa kampuni. Seo Dal-mi, binti asiye na digrii lakini mwenye mdomo wa biashara, alipokuwa mdogo alifarijiwa na barua za kijana aitwaye Nam Do-san. Kumbe Do-san hajaandika hata moja. Aliyeandika ni Ji-pyeong, yatima aliyehifadhiwa na bibi yake Dal-mi, tena kwa ombi la bibi huyohuyo. Jina la Do-san waliliokota gazetini. Lilikuwa la mtoto aliyeshinda mashindano ya hisabati. Miaka ikapita. Ji-pyeong sasa ni mwekezaji mwenye pesa zake, Do-san ni mtaalamu wa programu asiye na senti, na Dal-mi yuko katikati. Watazamaji kote duniani waligawanyika, huku timu Do-san, kule timu Ji-pyeong. Na sisi tuligawanyika, ila kwa hoja ambazo sidhani kama Seoul walizifikiria.

Nieleze kwanza tulivyokaa. Mimi ni mtu wa Dodoma, nimeolewa Rungwe. Kwa mila ya Kinyakyusa, mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hata njiani wakikutana, mwanamke anakwepa. Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa huku miaka ya 1930, waliandika habari hiyo kwa kirefu. Siku hizi wengi wamelegeza. Baba mkwe wangu hajalegeza hata nukta. Televisheni iko sebuleni, sebuleni nipo mimi, basi yeye akaweka kiti chake barazani, nje ya dirisha, koti la mvua mabegani, na maoni yake yakawa yanaletwa na mjukuu wa darasa la tatu.

"Babu anauliza huyo dada ana miaka mingapi."

"Babu anasema shangazi ahamishe kichwa."

Shida ya pili ilikuwa lugha. Watanzania tumezoea kusimuliwa. Vibanda umiza vya Dar es Salaam vilimkuza marehemu Derek Mukandala, yule Lufufu, aliyeweka Kiswahili chake juu ya filamu za watu hadi akawa maarufu kuliko wenye filamu. Mwaka 2011 TBC wakatuonyesha Dou Dou na mama wakwe zake, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Flashi yetu haikuwa na Lufufu. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya kioo, na aliyepewa kazi ya kuyasoma ni binti wa wifi yangu, mhitimu wa kidato cha sita.

Binti alikuwa timu Do-san na hakutuambia. Ji-pyeong anafungua mdomo, anaongea kwa upole, macho yamelowa, dakika nzima inapita. Binti anatafsiri: "Anasema yeye ana hela." Do-san anaguna tu na kujikuna shingo. Binti anatafsiri: "Anasema tangu siku ya kwanza moyo wake haujatulia, yuko radhi apoteze kila kitu, hata kampuni, ilimradi Dal-mi acheke."

Mama mkwe ameuza ndizi mbele ya madalali tangu mume wangu yuko mgongoni. Mtu wa namna hiyo anasoma uso, haoni haja ya maandishi. Sehemu ya nne haijafika nusu, akaamuru isimamishwe.

"Huyu kaongea maneno mengi, wewe umetupa matatu. Mengine umeyapeleka wapi?"

Akaitwa msomaji wa pili, shemeji yangu mdogo anayesoma chuo Mbeya, ambaye alijitangaza waziwazi kuwa ni wa Ji-pyeong. Kuanzia hapo kila sentensi ilisomwa mara mbili, upande wa madai na upande wa utetezi, na pale waliposhindwa kukubaliana picha ilirudishwa nyuma. Sehemu moja ya saa moja na ushee ikawa inatumalizia jioni nzima, ndizi zinapoa kwenye sufuria.

Sasa hoja zenyewe. Wakwe zangu hawakujali nani anampenda nani. Mapenzi waliyaona ni jambo la kawaida, yanakuja na kuondoka. Walichokitazama ni pesa imepita mkononi mwa nani na imerudi kiasi gani. Kwa hiyo aliyewashika tangu mwanzo ni yule bibi, Choi Won-deok, muuza soseji za kijiti zilizovikwa unga na kukaangwa. Ji-pyeong akiwa kijana alikuwa hodari wa mambo ya hisa, lakini hakuwa na umri wa kufungua akaunti; bibi akamfungulia kwa jina lake mwenyewe. Siku moja kijana akadhani kaibiwa, akamtolea bibi maneno makali. Bibi alikuwa hajagusa kitu. Akamkabidhi fedha zake zote, na viatu vipya juu yake, akamwambia siku akifanikiwa asijisumbue kumtafuta, ila siku mambo yakimharibikia arudi.

Mama mkwe anashika ufunguo mmoja kati ya mitatu ya sanduku la VICOBA. Alisimama. Aliisogelea televisheni, akaiangalia kwa karibu, akageukia wanawake wenzake wawili wa kikundi waliokuja kwa kisingizio cha kuazima chumvi.

"Huyu bibi angekuwa Tukuyu," alisema, "mwaka jana tusingeshindwa kugawana."

Wale wawili waliangalia chini. Sikuuliza, na wewe usiulize.

Hukumu ya mama mkwe ikawa imetoka pale pale: mtoto aliyelelewa na bibi ana haki ya kuoa mjukuu, maana ameshalipa kabla ya kudaiwa. Upande wa Do-san ulijibu kwamba kuandika barua kwa jina la mwenzako ni kughushi, na mali ya kughushi hairithiwi. Hoja nzito hiyo. Ilitoka kwa wifi yangu, ambaye amewahi kuwa katibu wa kijiji.

Lakini kilichotushinda wote kuamini, pande zote mbili, kilikuwa kingine kabisa. Kwenye tamthilia kuna jumba linaitwa Sandbox, ambako vijana wanapanda jukwaani, wanaeleza wazo lao kwa dakika chache, na wenye fedha wanasikiliza. Wanasikiliza kweli, wanauliza maswali, wengine wanatoa. Binamu wa mume wangu, kijana wa bodaboda, alitazama tukio hilo mdomo wazi.

"Barua ya mtendaji iko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Yeye na wenzake waliwahi kuandaa maombi ya ile asilimia 10 ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, mkopo mzuri usio na riba. Wakaunda kikundi, wakaandika katiba, wakafungua akaunti benki, wakaandika muhtasari wa kikao ambacho kusema kweli kilifanyika juu ya pikipiki. Walipokaribia kupeleka, ikafika Aprili 2023, mikopo ikasitishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe. Iliporejea mwaka 2024, mweka hazina wao alikuwa ameolewa Kyela na mwenyekiti kahamia Tunduma. Sasa umwonyeshe mtu huyo vijana watatu wa Korea wanaopewa ofisi, viti na kahawa kwa sababu kompyuta yao inatambua picha.

Mjukuu akaingia mbio. "Babu anasema Rais alipokwenda Seoul Juni 2024, Wakorea walikubali kutukopesha dola bilioni 2.5, na redio haikusema habari za mtendaji."

Hapo tuliipumzisha tamthilia.

Mume wangu ni dereva wa Costa, Mbeya hadi Kyela, na mapenzi ya kwenye kioo humtia usingizi. Alilala tangu barua hadi kwenye sehemu za mwisho, ambako Dal-mi na wenzake wanatengeneza gari linalojiendesha lenyewe, wamelipa jina la Tarzan. Hilo lilimwamsha.

"Lilete Kiwira," alisema. "Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu huoni boneti. Lori la Malawi limezimika konani. Dereva kakata matawi, kayatandaza barabarani. Mimi nikiona tawi la kwanza najua mbele kuna lori. Hiyo kompyuta itaona nini? Itaona majani!"

Shemeji wa chuo alianza kueleza kwamba mashine inafundishwa kwa picha nyingi. Mume wangu akamuuliza nani atakwenda kuwapelekea Wakorea picha za matawi. Sijasikia swali la kiufundi lililo zito kuliko hilo katika sehemu zote 16.

Kwa kweli hatukuziona zote 16. Sehemu ya nane, kwenye flashi, ilikuwa mahubiri. Jina la faili ni lilelile, namba ni ileile, lakini ukifungua unamkuta mchungaji ana jasho, anakemea. Tulisubiri, tukidhani labda Do-san yumo kanisani. Binti aliendelea kutafsiri kidogo kwa mazoea, ingawa mchungaji alikuwa anaongea Kiswahili. Ujumbe kutoka dirishani ulikuja kabla hatujaitoa: babu anasema hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, msibadilishe. Na kwa kuwa ni babu, tuliitazama mpaka sadaka.

Mvua nayo tuliijadili. Rungwe kuna sehemu zinapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mimi wa Dodoma nilidhani nimeolewa ndani ya bomba. Korea mvua inanyesha mtu anapotaka kulia au kupendwa. Mama mkwe hakuona raha yoyote. Kila wapenzi walipolowana aliwaonyesha kwa kidole kibaraza kilichokuwa wazi nyuma yao. Pale tu baba yake Dal-mi alipogongwa na gari, akaenda hivyohivyo kuonana na mwekezaji, akakubaliwa, kisha akafia ndani ya basi akirudi nyumbani na kuku aliyewanunulia watoto, hakuna aliyetaja mvua. Sebule ilinyamaza. Baada ya muda wifi akauliza kwa sauti ndogo: "Kuku alifika?"

Maafa makubwa, hata hivyo, yalianza tamthilia ilipoingia kichwani mwa binti. Alikusanya wenzake wanne, akatangaza kwamba watatengeneza programu ya simu: unapiga picha parachichi likiwa mtini, simu inakwambia limekomaa au bado. Wazo si baya. Parachichi za Hass za Rungwe zinakwenda hadi Ulaya, na tunda likichumwa changa linanywea badala ya kuiva, mnunuzi anakataa, mkulima anakula hasara. Binti akaomba jukwaa. Sebule ikawa Sandbox, mama mkwe akakalishwa katikati kuwa mwekezaji, na mimi nikapewa kazi ya kupiga makofi.

Alizungumza vizuri, kwa Kiswahili kilichochanganyika na mikono ya Suzy, yule mwigizaji wa Dal-mi. Akaweka maparachichi matatu mezani, la Hass moja na ya kienyeji mawili, akainua simu. Umeme ukakatika. Akawasha tochi ya simu. Tochi ikiwaka, kamera ikagoma. Akaazima simu ya mwenzake, ikatangaza kwamba haina nafasi, ifutiwe picha. Gizani tukasikia mtu anatikisa kitu. Mama mkwe alikuwa ameokota moja la kienyeji, kaliweka sikioni.

"Hili mbegu inacheza. Limekomaa." Akachukua la pili. "Hili bado. Hiyo simu inasikia mbegu?"

Binti akasema Hass hazitikiswi, zina vipimo vyake vya maabara. Mama mkwe akakubali, akachukua kisu, akalipasua lile la Hass kwa mwanga wa tochi, akaonyesha ganda la mbegu limegeuka kahawia. "Nalo limekomaa. Haya, mnataka shilingi ngapi?" Walitaja kiasi. Aliwapa nauli ya kwenda kuuza mikungu sita ya ndizi Mbeya mjini, faida wagawane, hesabu imrudie kwa maandishi. Waliirudisha kamili, na ndipo nilipojua kwamba mkutano ule wa wawekezaji ulifanikiwa.

Mwisho wa tamthilia Dal-mi aliolewa na Do-san. Mama mkwe aliagiza ipigwe tena, akidhani binti kapanga faili vibaya. Alipohakikishiwa kuwa ndivyo ilivyo, alizima televisheni kwa mkono wake, akaenda kulala bila kuaga.

Kwa ajili ya amani ya nyumba, shemeji alileta Hometown Cha-Cha-Cha ya mwaka 2021. Humo Kim Seon-ho yupo tena, ila sasa anaishi kijiji cha wavuvi, hana suti. Anabeba mizigo, anaziba mabomba, anapaka rangi, kila kazi kwa ujira wa kima cha chini. Mama mkwe alimtambua kabla jina halijapita.

"Mmeona? Wamemfilisi."

Shemeji akamweleza taratibu kwamba huyo ni mwigizaji, hii ni hadithi nyingine. "Najua ni mwigizaji," alijibu. "Nauliza mtaji wake umekwenda wapi." Kisha wakatokea vikongwe watatu wa kijiji, wakimzunguka na kumlisha, naye anawabebea mizigo huku anatania. Uso wa mama mkwe ukafunguka, akajiegemeza vizuri kwenye kochi. "Kapoteza bibi mmoja, kapata watatu. Endeleeni."

Mjukuu alichungulia mlangoni.

"Babu anauliza, na hii ina mahubiri?"